Maswali Yenu kwa Mwalimu: "Niliingia Ualimu kwa Kukosa pa Kwenda"

Habari zenu wasomaji wangu. Mwezi uliopita nilisema hapa maneno machache tu, kwamba ukitaka kujua mwalimu anaionaje kazi yake usimuulize, kaa dawati la nyuma umwangalie vipindi viwili utajua, basi tangu hapo simu yangu haijatulia, meseji nyingine nimezisoma usiku wa manane. Wengi walioandika ni walimu wenyewe, wachache wazazi. Siwezi kujibu zote, nimechukua nne ambazo naona zimebeba na za wenzao. Majina nimeyaficha na shule nimezificha. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimeshika chaki 1977 nikaiweka chini 2021, kwa hiyo ninayoyasema mengi nimeyatenda mwenyewe, mazuri na mabaya.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kiume, miaka 31, nipo wilaya ya Kishapu, nafundisha hisabati darasa la tano na la sita. Kiukweli sikuutaka ualimu. Nilitaka utabibu, matokeo ya form four yakakataa, mjomba akasema nenda ualimu ajira ipo nje nje. Nikaenda. Nikamaliza chuo, ajira hamna, nikaendesha bodaboda Shinyanga mjini miaka minne ndo nikapangiwa kituo. Sasa ni mwaka wa tatu nipo kazini na najiona kabisa kama sipo. Naingia kipindi, nakopi mfano wa kitabuni, natoa maswali matano, natoka nakaa chini ya mwarobaini mpaka kengele. Madaftari namwachia monita majibu anasahihisha yeye. Mtoto akiniuliza kitu kimoja mara mbili hasira zinapanda. Juzi binti mmoja wa la tano kanambia "mwalimu sijaelewa" kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba msamaha, nikamjibu vibaya mbele ya wenzie, usiku usingizi haukuja. Swali langu ni hili, mtu asiyeipenda kazi hii anaweza kuifundisha vizuri au niache nisije nikawaharibu watoto wa watu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anaweza. Na usiache, angalau sio mwaka huu, nitakwambia kwa nini.

Nimefanya kazi na watu waliopenda watoto mpaka wakagawa chakula chao, lakini kutoa kwa kukopa hawakuweza kumwelewesha mtoto hata mmoja. Nimefanya kazi pia na mwalimu mmoja mkavu, hacheki, hasimulii hadithi, na darasa lake wote walikuwa wanajua kusoma ikifika mwezi wa tisa. Kwa hiyo habari ya kupenda tuiweke pembeni kwanza. Kinachokumaliza wewe sio kutopenda, ni kwamba umekaa kwenye ualimu kama abiria aliyekaa kituoni, anasubiri basi lije limpeleke anakotaka, na abiria hata siku moja hawezi kupanda juu akaziba bati linalovuja la kituo. Ndo maana unakopi mfano na kutoka. Ndo maana monita anasahihisha. Kila unachokifanya pale kinasema mimi ni mpita njia.

Sasa na mimi nikwambie ya kwangu, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo ila kwa njia nyingine. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 serikali ilitaka kila mtoto aingie darasani, mwaka 1977 watoto wakamiminika na walimu hawakuwepo wa kutosha, wakatuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba juzi tu, ukawa unafundisha huku na wewe unafundishwa. Tuliitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote. Jina lile halikuwa la heshima, mwanangu. Wenzetu waliotoka chuo walikuwa na upande wao wa kukaa ofisini, na mzazi akikasirika anakuuliza mbele ya watoto, "wewe si mwalimu wa UPE tu?" Nikaliamini jina. Nikajiona mimi ni kiraka. Na sasa angalia kilichotokea darasani: kulikuwa na mada ambazo mimi mwenyewe sikuzielewa vizuri, sehemu za desimali, kugawanya kwa njia ndefu, basi mtoto akiuliza nilikuwa nasikia kama anataka kunivua nguo, nachukua fimbo. Nilisema ni utovu wa nidhamu. Haikuwa nidhamu, ilikuwa namziba mdomo asije akaonyesha nisichokijua. Watoto wale leo ni watu wazima, wengine wana wajukuu, na wapo ambao wanaichukia hisabati mpaka leo kwa sababu yangu, hilo nalibeba.

Miaka ya 2000 shule za kata zilipochipuka kila mahali, vijana wa form six wakapewa mafunzo ya muda mfupi sana wakapelekwa kufundisha sekondari, watu wakawabatiza Voda Fasta. Nilipowaona wale vijana walivyokuwa wakali niliijua sura ile. Mtu ukimwita kiraka, atafundisha kama kiraka, na ataogopa maswali.

Aliyenitoa mimi huko ni mwalimu mmoja mzee, alikuwa karibu kustaafu. Siku hiyo nasahihisha pale ofisini, mtoto kaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, nikaweka kosa, nikafunga daftari. Mzee akanyoosha mkono akalifungua. Akaniuliza, "Huyu kafikaje hapa?" Nikamwambia kakosea. Akasema, "Sijakuuliza kama kakosea, nimekuuliza kafikaje." Nikakaa kimya. Akanionyesha taratibu: kajumlisha kiasi kwa kiasi, moja na moja ikawa mbili, kajumlisha asili kwa asili, mbili na tatu ikawa tano. Mtoto hakubahatisha, kafuata kanuni, tena kanuni ambayo kwenye namba nzima inafanya kazi, ila hapa sio mahali pake. Halafu akachukua chungwa mezani akalikata nusu, akasema mwite huyo mtoto. Akamuuliza, "Hii nusu ni yako, nikikuongezea kipande kingine utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu?" Mtoto akajibu zaidi. "Na hii 2/5 uliyoandika, chungwa likikatwa vipande vitano sawasawa ukapewa viwili, ni zaidi ya nusu?" Mtoto akaangalia chungwa, akaangalia daftari, akashika mdomo. Hakuna aliyemwambia umekosea. Kaona mwenyewe.

Siku ile ndo niligundua kwamba ndani ya kazi hii kuna kitu cha kujua, kama vile kushona nguo kuna kitu cha kujua, kama kurekebisha injini. Kumbe mwalimu anaweza kuwa fundi. Nilianza kuyatafuta makosa ya watoto, nikawa nayasubiri kwa hamu nione leo kafikaje, na nisichokijua nikaanza kuwauliza wenzangu bila aibu, kwa sababu fundi akimuuliza fundi mwenzie hapungukiwi. Fimbo iliondoka mkononi yenyewe, sikuwa na kazi nayo tena.

Sasa wewe ulitaka utabibu. Tabibu haandiki dawa kabla hajamuuliza mgonjwa panauma wapi, tangu lini, ukifanya hivi unasikiaje. Sasa "kafikaje hapa" ndo swali hilo hilo. Huna haja ya kuupenda ualimu leo, chukua kile ulichotaka kuwa ukipeleke kwenye madaftari ya la tano. Natumaini unanielewa, sikufariji, nakwambia kazi unayoitamani ipo humo humo unapokaa ukiiacha kwa monita.

Anza kidogo. Najua darasa lako halipungui watoto 80 au 90, huwezi kusahihisha yote kila siku na atakayekwambia uyasahihishe yote hajawahi kushika darasa hilo. Chukua kumi na tano, ya mbele, ya katikati, ya nyuma, tafuta kosa linalojirudia, kesho yake uanze kipindi na kosa hilo ubaoni bila kumtaja mwenyewe, uwaulize kafikaje. Fanya hivyo mara moja kwa wiki tu kwa muhula mmoja. Na yule binti umwite, sio ofisini, pale pale darasani maana ulimjibu pale pale, umwambie juzi nilikujibu vibaya, leo niulize tena. Utaona ugumu kuyatoa hayo maneno. Yatoe.

Kuhusu kuacha, muhula ukiisha ukajaribu kwa kweli na ukaona bado, omba ruhusa ya masomo ukasome unachotaka, hakuna dhambi, kubadili kazi sio aibu. Ila usiondoke ukiwa hujawahi kuifanya hata siku moja, hutajua umeacha nini.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi mama wa mtoto wa darasa la sita, naishi Mbagala. Mwanangu karudi shule ananambia "mama, ticha kasema tusiposoma tutaishia kuwa walimu kama yeye", anacheka. Mimi sikucheka. Kila jioni natoa shilingi mia tano ya twisheni kwa mwalimu huyo huyo, na jioni anafundisha vizuri mno mtoto anaelewa, lakini daftari la asubuhi lina tarehe na kichwa cha somo basi. Nataka kwenda kwa mwalimu mkuu ila naogopa mtoto ataandamwa. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam mama. Maneno hayo nimeyasikia ofisini kwetu miaka yote, na aliyeyasema pengine anaamini anawahamasisha. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili hasikii "soma". Anasikia kwamba huyu aliyesimama mbele yangu ameshindwa maisha, kwa hiyo na hiki anachonipa ni cha walioshindwa. Kesho akimwambia kaeni kimya msikilize, wamsikilize kwa sababu gani? Na yule mtoto mwenye akili kuliko wote kashaondoa ualimu kichwani siku hiyo, miaka kumi ijayo atakayemfundisha mjukuu wako ni yule aliyekosa pa kwenda, halafu tunarudi kwenye barua ya yule kijana wa Kishapu hapo juu.

Hilo la twisheni ndo limeniuma zaidi. Ujuzi anao, wewe mwenyewe umeuona jioni. Tusimwonee, asubuhi ana watoto mia na kitu wamebanana watatu watatu au wanne dawati moja na jioni ana ishirini wamekaa kwa nafasi, hiyo ni tofauti kubwa mno na hakuna anayeweza kuwafundisha sawasawa. Lakini daftari la asubuhi kuwa tupu kabisa, hilo wingi wa watoto hauwezi kulieleza lote. Asubuhi anaona ni kazi ya serikali, jioni anaona ni kazi yake. Mikono ni ile ile na chaki ni ile ile. Kilichobadilika ni anavyojiona anamfanyia nani. Na anayelipa gharama ya hilo sio mwanao, mama, mwanao ana mia tano. Ni yule anayekaa naye dawati moja ambaye nyumbani kwao mia tano ni ya unga.

Usianze na mwalimu mkuu. Nenda kwa mwalimu mwenyewe, jioni watoto wakishatawanyika, nenda na madaftari yote mawili. Anza na kitu cha kweli alichokifanya vizuri, kitaje chenyewe, mwambie mfano "juzi ulivyomweleza eneo la pembetatu kaja nyumbani akanifundisha na mimi", usiseme tu ahsante kwa kazi nzuri, hiyo anaisikia kila mahafali na haimwingii. Mwalimu anayejidharau namna hiyo inawezekana ana miaka hajaambiwa na mtu mzima kwamba kitu fulani alichofundisha kilifika. Halafu ufungue daftari la asubuhi umuulize mnakwama wapi. Uliza ukiwa unataka kujua. Atakutajia wingi, atakutajia vitabu havitoshi, atakutajia mengine, sikiliza. Na lile neno la kuishia kuwa walimu mwambie mwanangu alinisimulia na mimi nilisikitika kwa sababu nakuheshimu.

Ukikaa mwezi mzima hali ni ile ile, usiende peke yako, tafuta wazazi watatu wanne wa darasa hilo mpeleke kwenye kamati ya shule. Mzazi mmoja mtoto wake anaandamwa, wazazi wanne inakuwa hoja ya darasa. Na kwenye hoja yenu wekeni na mtoto asiye na mia tano, msiwasemee wa kwenu tu.

SWALI: Mwalimu heshima kwako. Mimi mwalimu mkuu, Lushoto huku milimani, nina walimu tisa na wanafunzi 640. Tatizo langu kengele. Inagonga, hakuna anayenyanyuka. Mapumziko ya chai yanaisha saa nne na nusu, mpaka saa tano kasoro wapo ofisini wanapiga stori, watoto wanapiga kelele. Nimeandika barua za kujieleza, nimewatishia kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, nimewaita kikao nikawaambia ualimu ni wito, wakaangaliana wakacheka. Nimechoka. Nifanye nini tena?

JIBU: Pole mwalimu mkuu, na tatizo lako sio la Lushoto. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilifanya utafiti wa kupita shuleni nchini kwetu bila taarifa, wakakuta katika walimu 100 kama 14 hivi hawapo shuleni, lakini wasiokuwepo darasani wakati wa kipindi ni kama 47. Yaani wengi wa wanaokosekana darasani wamekuja kazini, wamepanda mlima, wamesaini daftari la mahudhurio, wameishia hatua thelathini kutoka mlangoni. Mimi namba hizo nimezitafakari sana kwa sababu mvivu angebaki nyumbani. Huyu kaja. Kuna kitu kati ya ofisi na darasa kinamfanya asivuke, na wengine usiwasahau kweli wanaandika ripoti, wanajaza takwimu zinazotakiwa wilayani leo leo, wametumwa na wewe mwenyewe.

Hilo neno wito nakuomba ulistaafishe. Najua walivyocheka, na mimi nilikuwa nacheka. Kila tulipouliza malimbikizo yetu, uhamisho, nyumba, tuliambiwa ualimu ni wito, mpaka neno likawa na maana ya "nyamaza". Ukilisema wewe leo hawasikii ulichokusudia. Siku ya Walimu Duniani tunayoadhimisha kila Oktoba 5 imetokana na pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, na pale ualimu umetajwa kuwa ni taaluma, wenye ujuzi maalumu ambao mtu anaupata na kuutunza kwa kujisomea bila kuacha, na pendekezo hilo hilo likazungumzia na mishahara na mazingira ya kazi. Vyote kwa pamoja. Huo ndo msimamo wangu pia, huwezi kudai kimoja ukakizika kingine.

Kuna jaribio lilifanyika hapa kwetu 2013 na 2014, la shirika la Twaweza, waliliita KiuFunza, shule 350 katika wilaya 10, kwa madarasa ya kwanza mpaka la tatu. Shule nyingine zilipelekewa shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa ajili ya vifaa na mahitaji ya shule. Nyingine walimu wakaahidiwa bonasi ya 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Nyingine zikapata vyote viwili. Hela za shule peke yake hazikubadilisha ufaulu wa watoto. Bonasi peke yake ikasuasua. Zilipowekwa pamoja watoto walijifunza zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Mimi nalisoma hivi, na hii ni tafsiri yangu: ukimletea mwalimu vitabu na hakuna anayejali kama mtoto kajua, vitabu vinakaa kabatini, na ukimdai matokeo huku hana hata chaki anaona unamwonea. Wewe huna bajeti ya bonasi. Lakini kujali kama mtoto kajua, hiyo unayo, na haihitaji kibali cha mkurugenzi.

Kwa hiyo kengele ikigonga kesho usiingie ofisini kuwatoa. Ingia darasani. Chukua chaki, chukua kipindi cha la tatu ukifundishe, ukitoka urudi ofisini na daftari moja mkononi, ukae, useme "jamani huyu mtoto kaandika hivi, nyie mnaona kafikaje?" Sio kama mtego. Uwe kweli unataka kujua. Siku ya kwanza watakuangalia tu. Siku ya nne yupo atakayesema mbona na kwangu wanakosea hivyo hivyo. Hapo umeshaanza MEWAKA ya kweli, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, sio ile ambayo walimu wananiambia wanakutana kusaini mahudhurio na kupigwa picha ya kutuma kwenye grupu. Stori za ofisini hazitaisha, ila zitabadilika, na mtu aliyetoka kubishana juu ya kosa la mtoto anakuwa na hamu ya kwenda kulijaribu darasani, mimi nimeliona hili kwa macho yangu shule mbili tofauti.

Kingine, na hapa niwe mkali kidogo. Jiangalie unavyowaongelesha. Barua ya kujieleza kwa dakika kumi, kumgombeza mwalimu mstarini watoto wanasikia, kukagua andalio la somo kwa kuangalia kama lina muhuri na hujawahi kulisoma. Hayo yanamfundisha mwalimu kwamba kazi yake ni makaratasi na kuogopa. Na atakwenda kumfanyia mtoto hivyo hivyo, atakagua kama daftari lina pambizo, hatasoma kilichoandikwa.

Halafu kuna moja ambalo halisemwi kwenye vikao. Waangalie tarehe ya mshahara. Yupo mmoja au wawili ambao siku hiyo wanaondoka saa nne, wanakwenda kukutana na mtu mjini, na huyo mtu ndo anashika kadi yao ya benki. Mikopo ya kausha damu. Nilikuwa na mwenzangu, mwalimu mzuri wa Kiswahili, kadi yake ilikaa kwa mkopeshaji miaka miwili, kila mwezi anasimama naye kwenye ATM anatoa, anachukua chake, yeye anaachiwa nauli. Alikuwa akiingia darasani anaandika tarehe ubaoni halafu anasimama anaiangalia ile tarehe. Watoto walikuwa wanajua. Mtu wa namna hiyo usimwandikie barua, mwite pembeni, muulize deni limebaki ngapi, muone kama SACCOS yenu inaweza kulinunua akalipa kwa riba ya kibinadamu. Na kama walimu hawana hata mchezo wa kupeana pale shuleni, anzisheni, tisa mnatosha. Huyo wa Kiswahili tulimnasua kwa namna hiyo, tulichanga, ilichukua miezi saba, na siku alipoishika kadi yake aliingia la sita akafundisha methali kipindi na nusu, mwenye kipindi kinachofuata akasimama dirishani akamwacha amalize.

SWALI: Mwalimu mambo vipi, samahani, shikamoo. Mimi mwanachuo wa ualimu mwaka wa mwisho, mwezi ujao tunaenda BTP, mazoezi ya kufundisha mashuleni. Mara ya kwanza tulivyoenda walimu wa pale walituambia "nyie watoto wazuri mmejileta huku wenyewe, mtajuta". Wenzangu wawili wameshaacha chuo. Nikikutana na maneno hayo tena niwajibu nini?

JIBU: Marahaba binti yangu. Usiwajibu kitu. Waamkie, chota maji ya chai kama ndo zamu, wasikilize, maana wengi wanaosema hivyo wameumizwa kweli na hawajapata pa kulisemea. Wewe sio saizi yako kuwashinda kwa maneno.

Kila shule nimewahi kufika yupo mmoja anayesahihisha wakati wengine wanaongea. Anakaa pembeni, mara nyingi sio mwongeaji, hatakuita. Mtafute huyo wiki ya kwanza. Muombe ukae nyuma ya darasa lake ukiwa huna kipindi, uwe na daftari lako, uandike kila swali analouliza na kamuuliza nani, wa mbele wangapi, wa nyuma wangapi, wasichana wangapi wavulana wangapi, na mtoto akikosea anamwambia nini, neno kwa neno. Halafu siku yako ya kufundisha mwombe mwenzio akae nyuma akuhesabie na wewe hivyo hivyo. Ukirudi chuo niandikie mlichokihesabu, nitakiweka hapa.